Alama Kumi na Tatu za Kandida

Alhamisi, 23 Mei 1996

Sala ya jumuiya leo kwa Paskalina, mwenyekiti wetu. Tumefika watano tu! Wengine wamehamia mashambani, ndege wanamaliza mpunga. Majina nimesoma mimi, katibu. Aliye shambani namwandikia S, hana kosa. Mtoro namwandikia X. Kwa Kandida nimeandika X kama kawaida. Ya kumi na tatu sasa.

Najua yuko Mchombe na baba yake wanafukuza ndege – aliniaga mwenyewe Februari, akaniomba nimwandikie S. Lakini wiki hiyohiyo alisema kisimani, mbele ya wanawake, kwamba mume wangu harudi tena kutoka kiwanda cha sukari, ana familia huko. Kana kwamba mimi sijui. Basi. X.

Jumapili, 26 Mei

Pentekoste. Baada ya misa katekista Lukelo katangaza: kaya yenye miezi mitatu ya utoro jumuiyani haipewi huduma. Si ubatizo, si ndoa, si mazishi. Mkristo wa kujifungia ndani peke yake hayupo, kasema. Watu wakaguna kukubali. Mimi nikajifanya natafuta rozari kwenye mkoba.

Nitarekebisha Alhamisi.

Jumanne, 28 Mei

Mzee Osward, baba yake Kandida, kaletwa na lori la mpunga kutoka Mchombe. Malaria imempanda kichwani. Nimemwona Kandida akiteka maji. Nimepita njia nyingine.

Jumatano, 29 Mei

Mzee kafariki saa nne asubuhi. Nimelia, na nimelia kweli. Ndiye aliyeniezekea jiko mwaka jana, mume wangu aliposhindwa kuja.

Paskalina alikuja kuchukua daftari la mahudhurio, akampelekea katekista. Jioni likarudi. Kaya imehesabiwa ya watoro – hakuna misa, kwaya haiimbi, jumuiya haichimbi kaburi wala kupika. Sasa atachimba nani? Ndugu zao wote wako Mahenge, na pantoni ya Kivukoni imesimama, mto umejaa. Hapa Ifakara Kandida hana mtu. Ana sisi tu. Nilipokuwa naandika zile X nilidhani namkomoa yeye, sikumfikiria mzee hata siku moja.

Nimejaribu kugeuza X ya kwanza iwe S. Kalamu yangu sasa ni nyeusi, ile ilikuwa ya bluu. Limebaki doa.

Nikisema ukweli wataninyang'anya ukatibu. Hilo si kitu. Lakini nani atanikalisha tena kwenye mkeka wake? Tangu mume aondoke, hao wa Alhamisi ndio watu wangu. Wakati nina homa ya matumbo walinipikia uji kwa zamu wiki mbili, na Kandida zamu yake hakuikosa. Nikifukuzwa, mimi nitazikwa na nani? Naogopa. Naona aibu kuandika kwamba naogopa zaidi kuliko ninavyomhurumia mzee.

Alhamisi, 30 Mei

Saa mbili asubuhi. Maiti lazima izikwe leo, joto hili.

Kandida alikuja alfajiri, hajafunga hata kilemba vizuri. Nikajua kaja kunitukana. Hapana! Kanipa shikamoo, kakaa chini, kanishika mkono. Kaomba radhi kwa lile neno la kisimani. Alisema limemkaa moyoni tangu Februari, huko dunguni juu alikuwa akifukuza ndege huku akilifikiria, na baba yake alimwambia akirudi aanzie kwangu.

Halafu akasema katekista lazima kakosea kusoma.

– Wewe si uliniandikia, dada? Nilikuaga.

Hakunishuku hata kidogo. Nikasema pole, pole sana. Akasema anakwenda kuwaita katekista na Paskalina, waje hapa walisome daftari upya, mimi nikiwaonyesha.

Nimeliweka mezani. Nimelifungua penye Februari, kwenye doa. Nikilifunga nalifungua tena. Mara mbili nimeshika kiberiti nikakirudisha mekoni.

Wameshafika uani. Paskalina anabisha hodi kwa nguvu, kama kawaida yake. Namsikia Kandida akimwambia abishe polepole, dada naye ana msiba, alimpenda sana mzee.

Nimeitikia karibuni. Mlango unafunguka, na daftari nimeliacha wazi palepale kwenye doa.