Vigelegele Ndani ya Kanisa Kuu la Cologne

Weston, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Mimi na mjukuu wako Neema tumerudi salama kutoka Ujerumani, na wazee ninaowahudumia kazini wamenipokea kwa lawama kwamba niliwatupa.

Najua unachosubiri. Ulinituma jambo moja tu: mdogo wangu Fidelis asipadirishwe huko ugenini kama yatima, nimpigie vigelegele kwa niaba yako. Tulia nikusimulie.

Mama, kanisa lile! Unatoka kituo cha treni, hujakaa sawa, limesimama mbele yako. Minara miwili myeusi, ukiitazama juu kilemba kinadondoka. Changu kilidondoka kweli. Walilijenga zaidi ya miaka mia sita. Fikiria fundi anachonga jiwe huku akijua hata kitukuu wake hataliona paa! Ndani, jua likipita kwenye vioo vya rangi, sakafu inakuwa kama khanga zimeanikwa. Nilipiga ishara ya msalaba, nikasahau kusali.

Lakini ule ukimya! Kwetu askofu asingesikika kwa ngoma. Kule ukikohoa unatazamwa. Fidelis akalala kifudifudi sakafuni, mimi kimya. Askofu akamwekea mikono, nikafungua mdomo, Neema akanivuta mkono: "Mum, please!" Nikaufunga. Mimi Skolastika, ninayesikika kijiji cha pili! Moyo uliniuma, Mama.

Kisha wakamvika kasula, lile vazi la padre la misa. Akageuka, macho yakitafuta watu wake. Nikasema potelea mbali, nikapiga! Yale mawe yaliipokea sauti, yakaipandisha juu, yakairudisha. Katikati machozi yakanikata pumzi. Ndipo nikasikia kigelegele kingine ubavuni: Neema huyo huyo, asiyejibu Kiswahili hata ukimwita kwenye chakula! Wenyeji wakageuka, wengine wakaanza kupiga makofi. Fidelis alicheka huku analia.

Nje, watu walijipanga wapate baraka ya padre mpya. Akawaomba wasubiri.

"Ya kwanza ni ya Mama," akasema, akaniwekea mikono kichwani. "Dada, mfikishie."

Nisalimie baba mdogo na wanakwaya wenzako. Na wewe shangazi, unayemsomea Mama kwa sababu ya macho yake, shikamoo. Sasa weka karatasi chini, umwekee mikono kichwani.

Inama, Mama. Ni ya Fidelis.

Mwanao,
Skolastika