Dereva wa Trekta Bovu

Rabia, yule babu Isihaka ninayekutambia kuwa alikuwa dereva wa trekta Nachingwea enzi za mashamba ya karanga, kumbe trekta lake halikuwahi kutembea. Bibi Mwanne, mkewe, katusimulia sasa hivi mbele ya wakwe zangu.

Lilishushwa kutoka kwenye treni likiwa bovu. Mzungu msimamizi wa shamba akamwambia babu akae juu yake kutwa, kwa sababu dereva lazima aonekane kazini. Akakaa. Msimu mzima, Rabia, juu ya trekta bovu.

Bibi akaja kutoka kijijini Marambo kumwona.
"Baba Adinani, unafanya nini huko juu?"
"Niko kazini."
"Shuka tulime."
"Nikishuka nafukuzwa."

Bibi akashika jembe, akalima kulizunguka trekta, babu anamtazama tu kwa aibu.

Mzungu akaja, akaona ardhi imelimwa, akamsifu babu. Babu hakuweza kudanganya.
"Aliyelima ni mke wangu."

Mzungu akawaza kidogo, kisha akamwajiri bibi palepale. Akamwambia apande juu, akae karibu na mumewe, awe msaidizi wa dereva.

Akapanda, Rabia. Anasema hajawahi kupata kazi nzuri kama ile.