Dakika Kumi za Chumba cha Pasi

3 Machi

Binamu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo tu ndio unanisumbua. Najua umeshtuka kupata barua yangu. Miaka kumi na tisa bila kuandikiana si mchezo.

Narudia ule mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Kwa umri wangu nafasi ni hii moja tu. Nikifeli, nitafua mashuka ya wodi mpaka nizeeke. Jumamosi tunajisomea watu saba kwenye stoo ya mashuka. Nimewapa utaratibu wetu wa zamani wa chumba cha pasi cha mama, tulikokuwa tukijisomea: kila mtu aandike lengo lake, karatasi ikae chini ya saa, dakika arobaini kimya, asiyetimiza aoshe vikombe. Dakika ya ishirini tu, soga zimeanza. Wewe ndiye ulikuwa mshika saa. Ulitunyamazishaje?

Nimekukumbuka sana.

Binamu yako,
Muosha Vikombe

11 Juni

Binamu mpenzi,

Sisi hatujambo. Pole na mgongo. Barua yako nimekaa nayo miezi mitatu.

Malengo yenu ni makubwa mno, nakujua. "Kusoma figo" si lengo, ni matumaini. Andika "nichore figo bila kuchungulia kitabu." Na simu zote ziingie kwenye ndoo.

Sasa la pili. Ukiinama kuandika, nilikuwa naisogeza ile saa mbele dakika kumi. Joto la pasi lilikuwa linakusinziza, nikakuonea huruma. Ukazoea dakika thelathini, na kwenye mtihani swali la mwisho ukaliacha jeupe. Mimi nikafaulu, wewe ukafeli. Nimeona haya kukuandikia miaka yote hii. Nisamehe.

Binamu yako,
Mshika Saa

20 Juni

Mshika Saa wangu,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Mgongo umetulia.

Nilijua. Taarifa ya habari ya saa kumi na moja kwenye redio ya jirani yetu fundi viatu ilikuwa inaanza wakati saa yetu inasema kumi na moja na dakika kumi. Nilinyamaza kwa sababu dakika hizo kumi tulizobakiwa nazo ulikuwa unapanda juu ya meza ya pasi na kumuigiza mwalimu wa hesabu, mpaka mama anacheka huko kwenye kamba za nguo. Swali la mwisho sikulijibu kwa kuwa sikulijua, basi. Nami nilidhani hutaki ndugu aliyefeli. Tumeogopana bure, binamu.

Ndoo imefanya kazi. Mtihani ni tarehe tisa mwezi ujao.

Binamu yako,
Muosha Vikombe

9 Julai

Binamu,

Natumaini mu wazima. Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi, nje ya chumba cha mtihani. Matokeo bado, lakini swali la mwisho nimelijibu, na figo nimeichora kama mtu aliyezaliwa nayo mkononi.

Nilipomaliza kupitia majibu yote, zilikuwa zimebaki dakika kumi. Msimamizi akaniuliza kama nataka kukabidhi karatasi niende zangu. Nikamwambia naomba nikae, dakika hizi zina mwenyewe. Nikakaa nikikuwaza juu ya ile meza ya pasi, mpaka kengele ikalia.

Binamu yako