Niliapa Silipi Ada ya Tiketi, Sasa Baba Anakwenda Mpirani na Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamkata mteja sikio, maana mimi ni kinyozi na wiki hii mkono mmoja umeshika mashine na mwingine simu, na jana nimemchonga mwalimu mmoja nywele za mbele zikaenda upande, akaondoka bila kuniaga.

Kisa chenyewe ni tiketi za mpira. Zamani tulikata dirishani pale uwanjani, siku hizi dirisha wamelifunga, ni kwenye simu tu, unachagua kiti, unaona bei, unafurahi, halafu ukifika mwisho kabisa inachomoza "ada ya huduma", tena kwa kila tiketi, hata kama umebonyeza mara moja, nikajiuliza huduma gani hiyo wakati aliyebonyeza ni mimi, bando ni langu na chaji ni yangu? Basi mwanzo wa msimu hasira zikanipanda, nikaapa mbele ya wateja kwamba ada hiyo silipi, na atakayeilipa asije kunyoa kwangu, wakapiga makofi, wa kwenye benchi wote wakaapa pamoja nami, na fundi viatu wa mlango wa pili akaandika ukutani kwa chaki: HAPA HATULIPI ADA.

Tatizo ni baba. Enzi zake alikuwa beki wa kulia, sasa macho yamefifia, anaona ukungu wa kijani basi, lakini uwanjani tulikuwa tunakwenda, tunakaa bega kwa bega namsimulia sikioni, si mpira ulipo, hilo hata redio inasema, yeye anataka kujua beki wa kulia amesimama wapi wakati mpira uko upande mwingine, amepanda au amebaki, na mimi ndiye ninayejua kumwambia. Msimu huu hatujaenda hata mara moja. Nilimwambia, "Baba, hili ni suala la haki," akasema, "Haya."

Sasa mechi ya watani wa jadi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na juzi mama kanidokeza kwamba baba ameshamwomba shemeji, mume wa dada yangu, ampeleke, shemeji ambaye ni shabiki wa wale wengine, mshauri! Atamsimulia nini huyo? Beki wetu akiteleza si atacheka? Nilipomuuliza baba akanijibu, "Mwanangu, mwenzako hana haki nyingi kama wewe." Tangu hapo situlii, nafungua simu, nachagua viti viwili, nafika kwenye ada, nafunga, nafungua tena, na viti vinazidi kwisha. Nikilipa, benchi zima litasema nimekula matapishi yangu. Nisipolipa, baba ndiyo huyo na shemeji. Je, ada hii ni ya haki? Nifanyeje?

Kinyozi asiyetulia

Kinyozi, kwanza weka chini hiyo simu umalize kichwa cha mtu.

Hoja yako si ya kipuuzi, kwa hiyo nitaijibu. Mtambo wa kuuza tiketi una watu wanaoutunza, nao wanakula. Zamani ulipanga foleni juani, na nauli ya kufika dirishani ulilipa bila kuapa. Kuwepo kwa ada hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kufichwa. Mteja akikuuliza bei ukamtajia, halafu ukishamnyoa nusu kichwa ukamwambia kuna ada ya mashine, atafanya nini? Atalipa, kwani hawezi kutoka nje vile. Ndivyo wanavyokufanyia. Na kumtoza mara nne mtu aliyenunua tiketi nne kwa mkupuo mmoja, hapo hata mimi hawana la kunieleza. Bei yote itajwe mwanzo, ada iwe moja kwa kila ununuzi, na dirisha libaki wazi kwa asiye na simu. Andikeni hayo, wewe na benchi lako, mtie saini, mpeleke kwa katibu wa klabu. Viongozi hawaji kusoma chaki ukutani kwako.

Sasa nikugombeze. Hivi kweli, msimu mzima? Kususa ni haki yako, lakini wewe mechi unaziona kwenye televisheni kila ukipenda. Baba yako hazioni. Aliyesusishwa mpira ni yeye, na hakuna aliyemuuliza. Msimamo unapaswa ukuume mwenyewe. Huu wako umemuuma mzee, wewe ukabaki kupigiwa makofi. Hilo jibu alilokupa kuhusu haki, mimi lingenitoa machozi, wewe umelisikia kama utani.

Na shemeji mwache. Mtu aliyekubali kumshika mkono mkwewe na kwenda kukaa katikati ya mashabiki wa wapinzani wake ni mtu wa kushukuriwa, hata kama kwenye mpira ana kasoro. Mpigie. Kata tiketi tatu, baba akae katikati, kila mmoja wenu awe na sikio lake. Kisha nenda ukamwambie mzee, kwa mdomo wako na bila hotuba, kwamba ulikosea.

Benchi wakikucheka, waambie mliapa ninyi, baba hakuapa. Barua ya malalamiko iko palepale, na wewe uwe wa kwanza kutia saini. Lakini tiketi kata leo. Ada hiyo utaikuta msimu ujao, mtagombana vizuri tu. Baba yako hajakuahidi msimu ujao.