Dumuzi Wamo Kihengeni, Lawama kwa Shangazi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako upesi maana tangu Jumapili situlii mahali, nikishika jembe naliacha, nikienda kisimani nasahau ndoo, mume wangu ananiuliza, "Mama Malimi, una nini?" nami nasema ni homa tu.

Mimi ni mkulima huku Magu. Mvua za El Nino unazijua mwenyewe, zilianza mwaka jana mwezi wa kumi zikakataa kukoma. Januari mume wangu Nestory alikuwa safarini, likapita lori likiuza mahindi kwa bei rahisi, maana siku hizi biashara ni huria kila mtu anauza, nami nikanunua magunia mawili kwa siri nikitamani kuyapeleka sokoni Mkuyuni bei ikipanda. Niliona vumbi jeupe likivuja kwenye magunia na vidudu vikitembea, nikajisemea ni fukusi wa kawaida, nikayamwaga chini kabisa kihengeni, ghala letu la mahindi, ili Nestory asijue. Februari tukavuna ya kwetu yakiwa mabichi, mengine yanachipua shambani, Nestory akasema tungoje jua, nikamwambia jua lipi, nikayajaza juu ya yale ya lori hivyo hivyo.

Tulipofungua Jumapili hiyo, mwezi huu wa tano, tulikuta unga mtupu, na ukitega sikio unawasikia wanatafuna. Nestory alikaa chini. Ndipo kaka yake, shemeji Shimba, akasema, "Hili si la Mungu. Twende kwa shangazi."

Shangazi Kabula ni shangazi yao, mjane, nyumba yake iko hapa hapa uani, macho yake ni mekundu kwa kupika na kuni miaka yote. Mahindi yake ameyafunga vishada juu ya jiko, hakuna punje hata moja iliyotobolewa.

"Mnaona?" Shimba akasema. "Wadudu wanamjua aliyewatuma."

Shangazi akacheka akidhani ni utani. "Mwanangu, si moshi huo?" Hakuna aliyecheka naye. Akanigeukia, "Mama Malimi, waambie basi." Nikatazama chini.

Sasa watoto wamekatazwa kwenda kuchukua moto kwake, usiku namsikia akiegemeza kinu mlangoni, na Shimba amesema asipohama kabla ya mwezi kwisha atahamishwa, nawe unajua vikongwe wanaoitwa wachawi huku wanavyohamishwa. Nikisema, Nestory atanirudisha kwetu, nisiposema ndiyo hivi sipati usingizi. Nifanye nini?

Mwenye wasiwasi, Magu

JIBU

Mwanangu, marahaba. Majina nimeyabadili, na jibu hili nimekutumia kwa posta siku ile ile niliyopata barua yako, maana zamu ya gazeti ingechelewa.

Hofu yako naielewa, lakini usitake nikuhurumie wewe kwanza. Kuna mama mzee hapo uani anayeegemeza kinu mlangoni ili apate kulala, na unajua kwamba hana kosa.

Nimemuuliza bwana shamba. Anasema dumuzi, wale wadudu wanaosaga mahindi kuwa unga, walikuja na magunia ya lori. Mahindi mabichi yakafungiwa humo, joto na unyevu vikapanda, na wadudu, dumuzi na fukusi pia, wakazaana wiki baada ya wiki. Mwaka wa jua kali ungeweza kuponea chupuchupu, mwaka huu wa mvua haikuwezekana. Ya shangazi yalikauka kwa moshi, naye aliwaambia hivyo mkiwa mmesimama mbele yake.

Basi leo hii mwambie Nestory kila kitu, lori, magunia na mahindi mabichi. Kisha nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa kitongoji, umuombe amwite Shimba na majirani, useme mbele yao kwa kinywa chako. Mpaka hapo, wewe na watoto laleni nyumbani kwa shangazi.

Kihenge kitoeni mahindi yote. Yaliyo mazima yapukuchueni, yaanikeni, yapepeteni, kisha yatieni dawa ya kuhifadhia mahindi. Dawa ya kunyunyizia pamba msiguse, hicho ni chakula. Magunzi na unga wa wadudu chomeni moto.

Wewe uliona aibu ni kubwa kuliko maisha ya mtu, na hapo umekosea vibaya. Nestory akikurudisha kwenu, wazee watakaa, mtazungumza, utarudi. Shangazi Kabula akishazikwa, utamwomba nani radhi?