Aliyeigusa Ruta

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa binti wa marehemu kaka yangu,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa baba yako mdogo. Natumaini wewe, mumeo na pacha wote mu wazima. Mimi namshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisumbua, lakini bado hunifikisha kanisani nikiondoka mapema. Niwie radhi kwa kukawia majuma matatu. Wino ulikuwapo, karatasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni ujasiri.

Ulipoifunga ruta, kile kisanduku cha mtandao, ukutani, katika chumba alichokuwa akishonea marehemu mke wangu, ulinieleza kwa subira jinsi ulivyoipa mashine ya kuangulia vifaranga namba yake ya kudumu, ukaifungulia njia ili huko uliko ulione joto la mayai kwenye simu yako na kulirekebisha. Uliniomba jambo moja tu: nisiiguse.

Siku moja taa yake ikawa nyekundu. Niliona haya kukusumbua kazini. Nikachukua sindano, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma mpaka taa zote zikazimika. Zilipowaka, nikaingiza nywila iliyobandikwa chini yake, simu yangu ikashika mtandao, nikajipongeza kama fundi. Kumbe nimefuta yote uliyoyapanga, na njia ya kuifikia mashine haipo tena.

Ulipiga simu ukauliza, "Baba mdogo, kuna aliyegusa ruta?" Nikajibu, "Hapana, mwanangu." Ukaamini kosa ni la kampuni ya mtandao, ukangoja siku mbili, na joto likapanda bila wewe kuliona. Mayai mia moja na ishirini yakaharibika, zikiwa zimebaki siku tatu yaanguliwe.

Mayai hupatikana mengine. Lakini fundi uliyemtuma alipokwambia kwamba mipangilio imefutwa kwa mkono wa mtu, ulimgeukia dada yako mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye afagiaye chumba kile. Alilia mbele yangu akiapa, nami nikakoroga chai iliyokwisha kupoa. Tangu hapo hamsemezani. Tulifundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia ni wangapi hukanyagwa humo.

Sikuombi uniamini upesi. Naomba umrudishie dada yako heshima yake. Ruta sijaigusa tena, na safari hii ni kweli.

Nisalimie mumeo, pacha, na mama mkwe wako, ambaye kikohozi chake namwombea kipoe. Mungu aipe nyumba yenu amani niliyoivuruga.

Wako akupendaye, mwenye kujuta,
Baba yako mdogo

Barua hii ataileta dada yako mwenyewe, kwa basi la kesho. Nimemsomea neno kwa neno kabla sijaifunga bahasha. Akasema, "Kumbe mwizi wa kuku ni mwenye banda! Lete hiyo, Baba mdogo. Simpi mtu mwingine aibebe. Nataka nikae mbele yake, aisome kwa sauti."