Pete ya Shaba Darini

Shella, Malindi
Machi 1986

Kwa dadangu mpenzi Hindu,

Shikamoo sana. Ni mdogo wako Mwanasiti, na mwandiko ni wangu mwenyewe, wa darasa la ngumbaru, kwa hivyo herufi zikilala usicheke. Vipi magoti yako? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, hata kuku wanataga.

Uliniuliza habari za mwanangu Zein. Tangu avunjike nyonga wajua alivyokuwa, uso ukutani, chai yapoa. Sasa anaongea mpaka nalionea huruma koo lake. Ile leseni yake ya redio ya kuzungumza na watu wa mbali ameifufua, akapindisha bomba la shaba likawa pete kubwa kama gurudumu la trekta, yenye mwanya mdogo, ndiyo antena yake, mafundi wakamsimikia darini juu ya nguzo ya mti. Kwa vile ngazi haiwezi, kuna mota ndogo huko juu. Yeye abonyeza swichi chumbani, mota yazungusha vibati vilivyo penye mwanya wa bomba. Mvumo wa redio ukipanda ghafla, amepata masafa anayoyataka. Kisha hutoa nguvu kidogo kwanza, atazame mshale wa mashine unaoonyesha nguvu inayorudi. Ukilala, ndipo azidishe.

Mimi naliogopa, dada. Mwenyewe amesema akiwa anazungumza redioni bomba lile laweza kumchoma mtu, asisogee yeyote. Basi mlango wa darini nautia kufuli, ufunguo naufunga pindoni mwa leso. Kabla hajaanza hupiga kelele kuniuliza juu kuna nani, nami humjibu yuko Mungu peke yake.

Rafikiye ni Ochola wa Kisumu, hawajapata kuonana kwa macho. Bwana huyo ana maneno! Alimwambia Zein sauti yake yafika kama ya kuku aliyepaliwa. Zein akamjibu kuku wa pwani huwika, wa bara huliwa. Nilicheka hata wali ukashika chini.

Halafu juzi mvumo ukakataa kupanda. Mota yanguruma, mshale haulali. Zein hakuthubutu kuongeza nguvu, asije akaunguza mashine. Akazima, akasema mtambo umekufa, autakaye auchukue. Akageukia ukuta tena.

Nikamuuliza ni nini chaweza kuuharibu hivyo. Akanijibu kwa uvivu kwamba labda chuma au madini yoyote yamekaa karibu na ule mwanya.

Hapo nikajua kosa ni langu. Ile hirizi yako ya kijaluba cha fedha, nilikuandikia kwamba Zein anaivaa. Haikuwa kweli. Aliikataa, akasema yeye si mtoto. Nami nikaona kitakachomdhuru ni bomba, basi asubuhi ile kabla hajaamka nikapanda, nikauzungusha mkufu wa hirizi pale pale mwanyani, imlinde kuanzia juu.

Nikamwomba azime kila kitu na achomoe waya, nikapanda, nikaifungua. Nikashuka nayo nikingoja kugombezwa. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, kisha akataka mimi ndiye nibonyeze swichi, polepole. Mvumo ukapanda, dada, kama mvua juu ya makuti! Ochola akauliza ni fundi gani aliyeletwa. Zein akamwambia ni mamake.

Baadaye akanyoosha mkono nimfunge hirizi, akisema huku chini haimzuii mtu kusikika. Basi niliyokuandikia sasa ni kweli, naye anaivaa.

Nisalimie shemeji na majirani wote, na magoti uyakande kwa mafuta ya moto.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanasiti